Philip Morse, Raia Aliyewahesabia Wanamaji



Kamati ya jarida imeniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, kama ilivyo desturi ya kurasa hizi. Wenzangu walionitangulia wamewaandika viongozi na washairi. Mimi nilisoma mchepuo wa fizikia na hisabati, na umri wangu wa kazi niliumalizia katika ofisi za takwimu, kwa hiyo mnivumilie nikiwaletea mtu wa hesabu. Jina lake ni Philip McCord Morse. Wale tuliokuwa nao skauti wasikimbilie kufurahi: huyu siye Samuel Morse wa zile alama za nukta na vistari tulizokuwa tukipigiana kwa tochi nyuma ya mabweni. Yule alikufa mwaka 1872. Huyu wetu alizaliwa tarehe 6 Agosti 1903 huko Shreveport, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, akakulia karibu na mji wa Cleveland, jimbo la Ohio.

Ujana wake nitaupitia upesi, maana ulikuwa ujana wa mwanafunzi hodari na hauna visa vingi. Alipata shahada ya kwanza ya fizikia mwaka 1926 katika chuo cha Case pale Cleveland. Mwaka 1929 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Princeton, akiongozwa na Karl Compton. Mwaka huo huo alichapisha hesabu inayoeleza jinsi atomu mbili zilizoshikamana zinavyotikisika, mpaka mtikisiko ukizidi mno zikaachana. Hesabu hiyo ingali inafundishwa kwa jina lake vyuo vikuu vyote, na kijana wa hapa atakayesoma fizikia au kemia ya juu atakutana nayo, apende asipende. Alikaa mwaka mmoja Ulaya, akasoma Munich chini ya Arnold Sommerfeld, kisha mwaka 1931 akawa mwalimu katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, kile kijulikanacho kama MIT, ambako yule Compton alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa chuo. Somo lake alilolipenda likawa sauti na mitikisiko. Mwaka 1936 alitoa kitabu juu ya hayo, na pengine angekaa humo maisha yake yote, lau si vita.

Hapana budi nieleze vita hivyo vilikuwaje baharini, kwa kuwa vijana wa leo wanaijua zaidi vita ya nchi kavu na ya ndege. Marekani iliingia vitani Desemba 1941. Januari 1942 nyambizi za Wajerumani zikafika kwenye pwani yake ya mashariki na kukuta meli za mizigo zikisafiri moja moja bila ulinzi, na miji ya pwani ikiwaka taa usiku, hata meli ikipita ilionekana kama kivuli ukutani. Katika muda wa miezi minane hivi meli zaidi ya 500 zilizamishwa upande ule wa Atlantiki. Nyingi zilikuwa za mafuta, na mabaharia wake waliungua juu ya maji.

Wala msidhani balaa hilo lilikuwa la Atlantiki peke yake. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Mmojawapo wa meli hizo, Khedive Ismail, ilichukua askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora mawili ya majini. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao vijana wa nchi zetu hizi. Lililo zito zaidi ni kwamba ile nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika, na nahodha wa manowari Petard, mwenye kazi ya kulinda meli nne zilizobaki, alilazimika kutupa mabomu ya kina pale pale. Nyambizi ilizamishwa siku ile. Nimeliweka jambo hili hapa ili msomaji, anaposoma habari za hesabu na asilimia, asisahau hesabu hizo zilikuwa za nini.

Basi, tumrudie Morse. Mapema mwaka 1942 kapteni mmoja wa jeshi la majini la Marekani, Wilder Baker, alipewa kazi mjini Boston ya kutafuta njia ya kupambana na nyambizi. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba huko Uingereza mwanafizikia Patrick Blackett na wenzake walikuwa wakiwasaidia wakuu wa jeshi, si kwa kuvumbua silaha mpya, bali kwa kuchunguza jinsi silaha zilizopo zinavyotumiwa. Baker akamwita Morse aunde kundi kama hilo. Morse akaanza na watu wachache mno, wakiwa wanafizikia, wanahisabati na wanakemia, hata watu wa bima waliozoea kuhesabu ajali na vifo. William Shockley, ambaye baada ya vita angeshiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi ya transista, akawa msaidizi wake, na George Kimball, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Columbia, akajiunga nao. Vita vilipomalizika kundi lilikuwa na wataalamu wasiopungua 70.

Hawakuvaa magwanda, wala hawakuwa na vyeo. Mishahara yao ilitoka serikalini kwa kupitia Chuo Kikuu cha Columbia. Jambo hili dogo la malipo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwani mtu asiyengoja kupandishwa cheo na admirali hana sababu kubwa ya kumwambia admirali lile analotaka kulisikia.

Kazi yao ilikuwa nini hasa? Nitatoa mfano ambao Morse na Kimball waliueleza baadaye katika kitabu chao, na ambao mimi, tangu niusome, nimewahi kuusimulia kwa kila kijana aliyeletwa ofisini kwangu kujifunza kazi. Meli za mizigo za Waingereza zilikuwa zikishambuliwa na ndege katika Bahari ya Mediterania. Zikafungwa mizinga ya kutungulia ndege, pamoja na wapigaji wake, kwa gharama kubwa, huku mizinga ikihitajika pia kwingineko. Baada ya muda wakuu wakauliza imeleta faida gani. Hesabu ikafanywa, ikaonekana kwamba katika mashambulizi mia, ndege zilizoangushwa zilikuwa nne hivi tu. Kwa hesabu hiyo mizinga ilistahili kung'olewa ikapelekwe penye kazi. Lakini mtu mmoja akauliza swali jingine: je, mizinga iliwekwa ili kuangusha ndege, au ili meli ifike? Wakahesabu upya. Meli zilizoshambuliwa bila kupiga mizinga zilizama 25 katika kila 100. Zilizopiga mizinga zilizama 10. Rubani anayepigwa risasi, hata zisimpate, hawezi kulenga kwa utulivu. Mizinga ikabaki melini.

Tazameni vizuri hapo. Hesabu ya kwanza haikuwa na kosa hata moja la kujumlisha wala kugawanya. Mwalimu wa hisabati angeipa vema zote. Ila ilikuwa imehesabu kitu kisichotakiwa, na kama ingefuatwa, mabaharia wangekufa kwa sababu ya asilimia iliyo sahihi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo elimu yote ya Morse, na mengine ni ufundi.

Ufundi wenyewe hata hivyo unapendeza. Waingereza waligundua kwamba mabomu yaliyodondoshwa na ndege yalikuwa yamewekwa yalipuke futi 100 chini ya maji, kwa kudhani kwamba nyambizi ikiiona ndege itakuwa imekwisha kupiga mbizi. Lakini nyambizi iliyowahi kupiga mbizi ilikuwa haijulikani tena ilipo, na ile iliyochelewa ilikuwa bado juu, ambako bomu la futi 100 halikuigusa. Mabomu yakawekwa yalipuke futi 25, na nyambizi nyingi zaidi zikazama, hata mateka wa Kijerumani wakadhani adui amepata baruti mpya. Vivyo hivyo Blackett na wenzake walionyesha kwamba msafara mkubwa wa meli ni salama kuliko midogo miwili. Mwenye kuzungushia shamba ua atafahamu mara moja: shamba likiwa kubwa mara mbili, ua hauhitaji kuwa mrefu mara mbili. Manowari zile zile ziliweza kulinda meli nyingi zaidi, na nyambizi iliyofanikiwa kupenya ilizamisha idadi ile ile, msafara uwe mkubwa au mdogo.

Kundi la Morse lilijishughulisha sana na suala la kutafuta. Ndege moja ikiruka saa kadhaa, kwa urefu fulani, ikiwa na macho ya watu na rada, inaweza kupekua eneo kiasi gani la bahari? Hapo zamani jambo hilo liliachiwa uzoefu. Mwanahisabati Bernard Koopman aliligeuza likawa elimu kamili, na matunda yake yalionekana katika Atlantiki ya kusini, penye mlango mwembamba kati ya Brazili na Afrika. Meli za Wajerumani zilikuwa zikipita huko kwa siri zikitoka Asia na shehena ya mpira na bidhaa nyingine za vita. Ulinzi wa ndege na manowari ukapangwa kwa hesabu, na katika siku chache za kwanza za Januari 1944 meli tatu za namna hiyo, Weserland, Rio Grande na Burgenland, zilikamatwa njiani na kuzamishwa.

Baadaye, Wajapani walipoanza mwishoni mwa 1944 kutuma marubani wa kujitoa mhanga kuzigonga meli, manahodha walibishana: meli iliyoonwa igeuke kwa nguvu ili kukwepa, au iende sawa ili wapigaji mizinga walenge vizuri? Wachambuzi walikusanya taarifa za mamia ya mashambulizi, wakaona kwamba kila upande ulikuwa na haki nusu. Meli kubwa igeuke kwa nguvu, kwa kuwa haiyumbi sana. Meli ndogo isifanye hivyo, kwa maana ikigeuka ghafla inalala ubavu na mizinga yake inapiga mawingu. Walipolinganisha, meli zilizokuwa zimefuata mwenendo huo ziligongwa mara 29 katika mashambulizi 100, na zile ambazo hazikuufuata mara 47. Tofauti hiyo ya 18 ni meli zenye watu ndani.

Morse alikuwa na kanuni zake za kazi, na mimi nazipenda kuliko hesabu zake. Hakukubali wataalamu wake wakae Washington wakisoma makaratasi. Aliwatuma kwenye vituo vya ndege na bandari, mpaka Newfoundland, Trinidad, Brazili na Moroko, wakae na marubani na mabaharia, kwa sababu taarifa iliyoandikwa na rubani aliyechoka usiku wa manane haifahamiki mpaka umemjua rubani. Alitaka waripoti kwa mkuu anayeamua, si kwa karani wake. Tena aliwafundisha wasijisifu. Wao hushauri, mwenye kuamua ni kamanda, na sifa ni yake kama lawama zilivyo zake. Nahodha wa Petard hakuwa na mchambuzi kando yake siku ile, na hata angekuwa naye, neno la mwisho lingekuwa la nahodha, na usiku asingelala mchambuzi peke yake.

Vijana, najua mmeanza kuchoka na manowari. Basi sikieni hiki, nacho kimo katika kitabu kile kile. Mtaalamu mmoja alitembelea kambi ya jeshi, akasimama kwenye foleni ya askari waliokuwa wakingoja kuosha vyombo baada ya chakula. Palikuwa na mapipa manne, mawili ya kusugulia na mawili ya kusuuzia, na foleni ilikuwa ndefu. Bwana huyo akatazama saa yake, akaona kwamba kusugua kunachukua muda mara tatu ya kusuuza. Akashauri mapipa matatu yawe ya kusugulia na moja la kusuuzia. Hakuna pipa lililoongezwa. Siku nyingi baada ya hapo foleni haikuonekana kabisa. Ninyi mliosimama enzi zetu nje ya bwalo, sahani mkononi, kengele ya kipindi cha jioni ikilia na viranja wakiandika majina, mtajiuliza kama mimi: katika wanafunzi mia kadhaa, wengine wakipata alama za juu katika hisabati, ilikuwaje hakuna aliyetazama saa? Nasikia mabomba sasa yameongezwa. Sijui kama yamepangwa.

Vita vilipokwisha Morse alipewa nishani ya Medal for Merit mwaka 1946, na mwaka huo akawa mkurugenzi wa kwanza wa maabara ya Brookhaven katika kisiwa cha Long Island, palipokuwa kambi ya jeshi, akaiongoza hadi 1948. Mwaka 1949 akarudi Washington kama mkuu wa utafiti wa ofisi iliyopima silaha kwa ajili ya wakuu wa majeshi yote. Hakukaa sana. Mwaka 1950 alirudi chuoni kwake, na tangu hapo juhudi zake zilikuwa kuitoa elimu ile katika siri za jeshi. Kitabu alichoandika na Kimball kilikuwa kimetolewa mwaka 1946 kwa macho ya wachache tu. Mwaka 1951 kikachapwa kwa watu wote. Mwaka 1952 kilianzishwa chama cha wataalamu wa kazi hiyo Marekani, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1956 alisimamia kituo cha kompyuta cha MIT. Aliandika juu ya foleni, juu ya akiba za maghala, na mwaka 1968 juu ya maktaba. Alikuwa amechunguza maktaba ya sayansi ya chuo chake, kitabu gani huazimwa mara ngapi na baada ya miaka mingapi husahauliwa rafuni. Mtu aliyehesabu nyambizi akaishia kuhesabu vitabu, na kwa kazi hiyo akatunukiwa zawadi ya Lanchester.

Lile kundi lake la 1942, je? Lingeweza kuvunjwa mwaka 1945, kama yalivyovunjwa mengi. Wakuu wa jeshi la majini waliomba libaki, likapunguzwa, likawekwa chini ya MIT kwa mkataba. Mwaka 1962 liliunganishwa na taasisi nyingine kikawa Kituo cha Uchambuzi wa Mambo ya Majini, ambacho leo hujulikana kwa herufi zake, CNA. Kililelewa na Franklin Institute, mwaka 1967 kikahamia Chuo Kikuu cha Rochester, mwaka 1983 kikaenda kwa Hudson Institute, na mwaka 1990 kikasimama chenyewe kama shirika lisilotafuta faida, makao yake karibu na Washington, katika jimbo la Virginia.

Nisijifanye kwamba kila aliyeshika kalamu na kuishauri serikali ya Marekani alimfuata Morse. Katika vita vya Vietnam wizara ya ulinzi ya Robert McNamara, aliyekuwa waziri tangu 1961 hadi 1968, ilijaa watu wa tarakimu, na tarakimu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa idadi ya maiti za adui. Kila wiki ilipanda, na vita havikushindwa kwa upande wa adui. Ni mizinga ile ile ya Mediterania: walihesabu ndege zilizoanguka, hawakuuliza meli imefika wapi. Tena huku hesabu yenyewe ilikuwa na uongo, kwani ofisa aliyetaka kupanda cheo alijua ni namba gani inayotakiwa mezani. Yafaa wale wenzetu waliomo serikalini na katika majeshi, nao si haba katika chama chetu, walifikirie hili kuliko ushindi wa Atlantiki.

CNA kwa upande wake haikubaki kwenye bahari peke yake. Iliunda idara ya kushughulikia mambo ya raia: polisi, zimamoto, usalama wa ndege, maafa.  Mwaka 2017 shirika hilo pamoja na chuo kikuu cha Las Vegas lilitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya kamera ndogo wanazovaa polisi kifuani. Watu walikuwa wakibishana kwa hasira kama kamera hizo zinafaa kitu. Askari wapatao 400 wa Las Vegas waligawanywa kwa kura, baadhi wakavaa kamera, wengine wasivae. Kisha hayakuhesabiwa makosa yaliyonaswa na kamera, ambayo ndiyo hesabu rahisi. Yalihesabiwa malalamiko ya wananchi na mara ambazo polisi walitumia nguvu. Kwa wenye kamera vyote viwili vilipungua.

Morse mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Alikuwa rais wa chama cha wanafizikia wa Marekani mwaka 1972, akaandika habari za maisha yake mwaka 1977, na akafariki tarehe 5 Septemba 1985 huko Concord, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 82. Desturi yake ya kuwatuma wataalamu wakaishi na wanamaji imedumu. Hadi leo wachambuzi wa CNA huenda kukaa na makamanda wa meli na vikosi kwa muda wa miaka miwili hivi, kisha hurudi Virginia na wengine kushika nafasi zao, wote wakiwa raia.